Mchoro Unaosomwa na Mashine

Kwenye skrini ya AutoCAD, programu ya kuchorea, mchoro wa kabati la umeme unaweza kuonekana safi kabisa: mlango umekaa mahali pake, matundu ya swichi yamenyooka, vipimo vyote vimeandikwa. Faili ikifika kwenye mashine ya leza, mambo yanageuka. Tundu moja linakatwa mara mbili, kona nyingine haikatwi kabisa, na mwendesha mashine anaketi kuchora upya kazi iliyokwisha kuchorwa. Muda wa karakana huliwa hapo, kati ya kiti cha mchoraji na meza ya kukatia. Ndiyo maana anayenunua kompyuta yenye kasi zaidi, au anayekariri njia za mkato za kibodi, mara nyingi haoni nafuu aliyoitarajia.

Tatizo la kwanza ni mistari. Mistari minne iliyogusana ni mraba kwa jicho la mtu, lakini kwa programu inayopanga njia ya kukata inaweza kuwa mistari minne isiyojuana. Ncha mbili zikiachana hata kwa upenyo usioonekana kwenye skrini, programu inaweza kushindwa kutambua ndani ni wapi na nje ni wapi. Na hilo lina uzito, kwa sababu kinachokata kina upana wake: leza huacha mfereji wa sehemu chache za kumi za milimita, plazma huweza kuacha milimita moja hadi tatu. Mfereji huo unatakiwa uangukie nje ya ukingo wa kipande, na kwa tundu uangukie upande wa ndani ya tundu. Dawa ni kuunganisha mistari kwa amri ya PEDIT, kisha kuondoa iliyolaliana kwa OVERKILL. Fidia ya mfereji yenyewe aachiwe mwendesha mashine. Mchoraji anayepunguza vipimo kwa kudhani anamsaidia, huku mashine nayo ikifidia, anaharibu bati kwa nia njema.

La pili ni leya, yaani matabaka ya mchoro. Ukingo, matundu, mistari ya kukunja, maandishi na vipimo, kila kimoja kiwe na leya yake yenye jina lisilobadilika kutoka kazi hadi kazi. Mstari wa kukunja ukisahaulika kwenye leya ya kukata, utapata vipande viwili vya bati badala ya kimoja kilichokunjwa. Mpangilio huo usitengenezwe upya kila asubuhi. Uwekwe kwenye faili ya kiolezo, ile yenye mkia wa DWT, pamoja na milimita kama kizio. Kizio nacho kina historia yake: DXF, aina ya faili ambayo karakana nyingi hupelekeana, ilitoka pamoja na AutoCAD mwaka 1982, na mpaka leo programu mbili zinaweza kuisoma faili moja kwa vizio tofauti. Milimita zikisomwa kama inchi, kipande kinakuwa kikubwa mara 25.4. Kosa hilo angalau linaonekana mapema.

Lisiloonekana mapema ni la kukunja. Tuseme unataka pembe ya bati la milimita 2, kila upande milimita 50 kwa kipimo cha nje. Wengi watakata bati la 100. Lakini bati likikunjwa, upande wa nje hutanuka na wa ndani hubanwa, na katikati kuna mstari usiobadilika urefu. Ukikunja kwa nyuzi 90, nusu kipenyo ya ndani ikiwa milimita 2, na mstari huo ukikaa asilimia 40 ya unene kutoka ndani, urefu wa tao ni nusu ya pai mara 2.8, yaani karibu 4.4. Ongeza milimita 46 zilizonyooka kila upande, yaani 50 ukitoa unene na nusu kipenyo, unapata 96.4. Tofauti ya 3.6 kwa mkunjo mmoja ni kubwa. Kwenye kabati lenye mikunjo minne, mlango haufungi. Asilimia 40 nayo isichukuliwe kama msahafu. Kata kipande cha majaribio, kikunje kwenye mashine yako, kipime, kisha uandike namba yako.

Kwa vitu vinavyojirudia, kama matundu ya bawaba, tumia bloku. Ivan Sutherland alionyesha wazo hili kwenye programu yake ya kuchorea, Sketchpad, huko MIT, mwaka 1963: chora kielelezo kimoja, weka nakala popote, ukirekebisha kielelezo nakala zote zinafuata. Zaidi ya miaka 60 baadaye bado kuna michoro ambayo bawaba ikibadilika, mtu anafukuzana na tundu moja moja. Angalizo tu: kama programu ya kukata haisomi bloku, zivunje kwenye nakala ya kutoa DXF, kamwe si kwenye faili mama.

Je, uhamie programu ya pande tatu inayobadilisha mchoro ukibadilisha namba? Kwa makabati ya ukubwa mbalimbali, ndiyo, na mojawapo ya programu hizo, FreeCAD, haiuzwi. Kwa grili ya dirisha moja, ni kupoteza muda. Mwenye karakana anayetaka nafuu wiki hii aanze na faili ya kiolezo na jaribio la kukunja; vyote viwili vinawezekana kwa programu aliyonayo tayari.