Dini kama Kipimo cha Mfalme katika "Sulalat al-Salatin"

Ni rahisi kuzisoma tarihi za kifalme za Wamalei kana kwamba dini ya Kiislamu imetiwa humo ili kukipamba kiti cha enzi tu. "Sulalat al-Salatin", yaani Nasaba za Masultani, yaonekana kuthibitisha usomaji huo: ukoo wa wafalme wa Melaka unafikishwa kwa Iskandar Dhulkarnaini, na Mtume mwenyewe anamtokea mfalme ndotoni na kumfundisha shahada. Hata hivyo, usomaji huo hautoshi.

Kisa cha ndoto chenyewe kinaupinga. Mfalme anaamka akiwa ametahiriwa, anaikariri shahada bila kukoma, na watu wa nyumbani mwake wanadhani amepagawa. Bendahara, waziri wake mkuu, haushangilii muujiza huo. Anashikilia kwamba merikebu iliyotabiriwa kutoka Jidda ikifika alasiri, ndoto ni ya kweli. Isipofika, ni shetani aliyemwingia mfalme. Merikebu inafika, Sayyid Abdul Aziz anasali ufukweni, ndipo wakuu wanaposilimu. Muujiza haukubaliwi kwa sababu ni wa mfalme. Unakubaliwa kwa sababu umeshuhudiwa.

Kipimo hicho kinarudi usiku wa kuamkia vita vya mwaka 1511, Wareno walipoishambulia Melaka. Vijana wa kiungwana wanaomba wasomewe Hikaya ya Muhammad Hanafiya, mwana wa Ali aliyelipiza kisasi cha nduguye Huseni. Sultani Ahmad anawapa badala yake Hikaya ya Amiri Hamza, kwa kuwa anashuku ushujaa wao. Jibu lao ni la adabu, lakini lina makali: mfalme akiwa kama Hanafiya, wao watakuwa kama jemadari wake. Sultani anatabasamu na kuwapa walichoomba. Kisa cha dini kimekuwa mizani yenye pande mbili: mfalme hawezi kuwapima watu wake bila kupimwa naye.

Mizani hiyo ina mipaka yake. Katika agano la kale baina ya Demang Lebar Daun na mfalme, raia wanakatazwa kuasi hata wakidhulumiwa. Mfalme naye akiwaaibisha raia, hukumu inaachiwa Mungu, naye atauangamiza ufalme. Raia wanaweza kupima, hawawezi kuadhibu.

Hapo ndipo uzito wa tarihi hii ulipo. Utangulizi wa nakala yake mashuhuri unataja mwaka 1021 wa Hijra, yaani 1612, wakati Melaka ilikuwa imekwisha kaa mikononi mwa Wareno kwa miaka mia moja. Walioiandika walikuwa warithi wa mji uliopotea. Kwao, kusimulia jinsi dini ilivyoingia kulikuwa pia kuuliza, kwa heshima yote ya baraza, kama wafalme walilitimiza agano.