Safu Tupu na Kipande cha Nne: Uhakiki wa Matumizi ya Makro Katika Kulinganisha Miswada ya Tenzi

Kazi ya kulinganisha miswada ya tenzi, ambayo zamani ilifanywa kwa kadi na penseli, aghalabu hufanywa siku hizi katika lahajedwali. Kila ubeti hupewa safu mlalo yake, kila kipande seli yake, na mswada mmoja huwekwa ubavuni mwa mwingine. (Tunasema safu mlalo, wala si mstari, kwa kuwa mstari ni mali ya washairi.) Palipo na ubeti usiopatikana katika mswada wa pili, mhariri hana budi kuingiza nafasi tupu ili beti zinazofuata zipate kutazamana tena. Katika Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, wenye beti zaidi ya 1,100, kazi hiyo ikifanywa kwa mkono ni adha kubwa. Ndiyo sababu wahariri huikimbilia makro, yaani mfuatano wa amri ambazo tarakilishi huzitekeleza zote kwa mkupuo mmoja.

Faida yake hatuikatai. Lakini makro iliyorekodiwa kwa kufuatisha vitendo vya mkono hukariri anwani ileile, isipoelekezwa vinginevyo: kama mara ya kwanza safu iliingizwa katika nafasi ya 40, mara ya pili itaingizwa papo hapo, hata kama pengo liko katika nafasi ya 212. Nayo ile iliyoandikwa ipite kutoka juu kwenda chini hujikwaa kwa kazi yake yenyewe, maana ikiisha kuingiza safu moja, zote za chini husogea, na nafasi ilizoagizwa si zile tena. Dawa yake ni nyepesi: ianzie mwisho na kupanda juu.

Kosa lililo zito zaidi haliponi kwa dawa hiyo. Safu nzima ikiingizwa, miswada yote miwili husukumwa pamoja, na hitilafu hubaki vilevile. Kwa hiyo makro huamriwa isukume seli za mswada mmoja tu. Hapo ndipo penye hatari. Ikitajiwa seli tatu badala ya nne, kipande cha nne husalia nyuma, na kila ubeti kuanzia hapo huazima kipande cha nne cha ubeti unaoufuata. Laiti kingeteleza kipande cha pili, sikio lingeshtuka mara moja, kwa kuwa kina cha vipande vitatu vya kwanza hubadilika ubeti kwa ubeti. Cha nne hakimshtui mtu: kina chake ni kilekile tangu bismillahi hadi tamati, na mizani yake ni 8 kama ya vyote. Vina vimetimia, mizani imetimia, na maana imeharibika. Dalili zinazobaki ni mbili tu: kipande kimoja kinachoelea peke yake katika safu iliyokusudiwa kuwa tupu, na ubeti wa mwisho uliopungukiwa. Tena katika Excel, makro ikiisha kutekelezwa, amri ya kutendua kwa kawaida hairudishi hali ya awali.

Hata makro isiyo na dosari ina neno. Nafasi tupu katika ulinganishi wa miswada ni hukumu ya mhariri. Huenda mnakili alirukwa na ubeti. Huenda ukurasa uliliwa na mchwa. Huenda pia ubeti huo haukuwamo kabisa katika mapokeo aliyoyafuata, na mswada wa pili ndio uliongezewa. Makro huzipa hali hizi zote weupe mmoja. Msomaji akiuona weupe huo husema, “umepotea”, ilhali hakuna aliyethibitisha kwamba uliwahi kuwapo.

Kwa hiyo namba ya safu isichukuliwe kamwe kuwa namba ya ubeti. Kabla ya makro kuguswa, kila ubeti uandikiwe katika safu wima ya pekee alama ya mswada na namba yake ya asili, kwa tarakimu na si kwa fomula, na alama hiyo isukumwe pamoja na vipande vyake vinne. Nakala moja ihifadhiwe bila kuguswa. Na mhariri anapochapisha, aeleze katika dibaji ni nafasi zipi ziliingizwa na makro, na zipi aliziingiza mwenyewe baada ya kuisoma miswada.