Msamiati Uliochapwa Tokyo

Bibi yangu akiniita kwa Kibende, namjibu kwa Kiswahili. Tumeishi hivyo hapa Mpanda tangu nikiwa mdogo, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Ndiyo maana nilikifungua kitabu cha Yuko Abe, A Bende Vocabulary, kama mtu anayekwenda kulipa deni la siku nyingi.

Kilichapwa Tokyo mwaka 2006. Sera ya Utamaduni ya 1997 inahimiza kuandikwa kwa kamusi na vitabu vya sarufi vya lugha za jamii. Haya, maneno yetu yameandikwa, ila aliyekaa na wazee kuwasikiliza alivuka bahari kuja kufanya hivyo. Simlaumu hata kidogo. Aibu ni yangu.

Nilimsomea bibi jioni moja. Kwanza alicheka matamshi yangu mpaka akajifuta machozi. Kisha kila neno akawa analirudisha na sentensi yake: hili husemi mbele ya mkwe, hili ni la kumtania mjukuu, lile alikuwa nalo mama yake peke yake. Hapo nikaona upungufu wa kitabu, nao ni wa orodha yoyote ya maneno, hata ikiandikwa kwa uangalifu namna hii. Kinaniambia kitu kinaitwaje. Hakiniambii nani anamwambia nani, wala kwa sauti gani.

Tumezoea kukilaumu Kiingereza. Mpanda Kiingereza kiko wapi? Kinachokimeza Kibende ni Kiswahili, hiki hiki ninachoandikia. Sokoni ndicho kinachomkutanisha Msukuma na Mfipa, Mha na Mbende, na bila hicho nisingekuwa na nusu ya marafiki zangu. Nakipenda. Lakini shuleni kwetu aliyeteleza akasema kilugha alivishwa kibao shingoni, akazunguka nacho hadi amnase mwenzake. Mimi nilikuwa hodari sana wa kunasa wenzangu. (Bibi sijamwambia.)

Sera inaweza kuhimiza kamusi, na kamusi zikaandikwa, huku watoto wakiendelea kujibu kwa Kiswahili. Neno la kuitikia nalijua tangu utotoni. Sikulihitaji kutoka Tokyo. Sijawahi tu kulitoa mdomoni.

Bibi amenipa sharti: akiniita, Kiswahili marufuku. Jana aliniita akiwa jikoni. Nilisimama mlangoni, mdomo wazi, neno likinikwama kooni.

Akaita tena.