Kitabu Katika Vita

Habari za vita mara nyingi hukumbuka merikebu na kusahau watu. Mfano mmoja watoka Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, magharibi ya milima ya Mbinga. Mnamo Agosti 1914, mahali hapo palipoitwa Sphinxhafen na Wajerumani, manowari ndogo ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha Mwingereza, Rhoades, alikwisha kuletewa habari ya vita. Mwenzake Mjerumani alikuwa hajaipata, akatekwa. Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko. Walakini wanaotajwa ni manahodha wawili tu. Wenyeji wa mwambao hawamo.

Pengo la namna hiyo ndilo linalozibwa na Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, iliyotoka mwaka 2020. Vita ni ile ile, lakini watu wake ni wa mji mmoja wa pwani. Hamza ajiunga na jeshi la Wajerumani. Afisa wake amfundisha Kijerumani, kisha amwachia kitabu cha mashairi ya mwaka 1798 kilichohaririwa na Schiller. Hisani hiyo ina uchungu ndani yake, maana mwalimu ndiye bwana pia. Afiya naye afundishwa kuandika na kaka yake. Mlezi wake kijijini agundua, ampiga hata kumvunja mkono. Basi mmoja apewa elimu na mtawala wake, mwingine aadhibiwa kwa kuwa nayo.

Ubora wa riwaya waonekana pale wawili hao wanapokutana. Hamza achukua beti za Schiller, azigeuza kwa Kiswahili, ampa Afiya katika kipande cha karatasi. Msichana aliyeumizwa kwa sababu ya kuandika sasa apokea maandishi ya mapenzi, na kitabu cha mtawala chaanza kuwatumikia waliotawaliwa. Nyumba yao yaanzia hapo.

Hata hivyo, riwaya haikosi upungufu. Septemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma na kurudi kwa njia ya Ungoni, likifuatwa na wapagazi. Msomaji wa Mbinga atakayewatafuta wapagazi katika kitabu hiki ataona kwamba askari amechorwa kwa ukamilifu zaidi kuliko mbeba mzigo.

Tena, barua ya Hamza ni ya Kiswahili, lakini riwaya iliandikwa kwa Kiingereza. Paradise ya mwandishi huyo huyo, ya mwaka 1994, ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Kazi ya mfasiri wa namna hiyo ni ile ile aliyoifanya Hamza: kulichukua neno lililoandikwa kwa lugha ya mbali na kulifikisha mikononi mwa mtu anayehusika nalo. Bila kazi hiyo, wasomaji wengi wa mwambao wa Nyasa wangebaki kuisikia habari ya vita vyao kwa vinywa vya manahodha.