Atlasi ya Ubongo wa Panya: Njaa Ina Njia Ngapi!

Jamani, ifungueni atlasi hii leo hii! Taasisi ya Allen ya Sayansi ya Ubongo, kule Seattle, Marekani, imeweka mtandaoni ramani ya miunganiko ya ubongo wa panya, bure kabisa, na mimi ndiyo kwanza nimeingia. Nilikimbilia haipothalamasi, kile kipande kidogo kilicho chini ya ubongo kinachotawala njaa, kiu, joto la mwili na hasira. Macho yamegoma kubanduka.

Kila jaribio ni panya mmoja. Anadungwa kirusi kilichofugwa maabara, mahali pamoja tu. Seli za neva zinazokipokea zinatengeneza protini ya kijani inayong'aa, na ung'avu unatambaa mpaka ncha za nyuzi zake. Ubongo mzima unapigwa picha 140, moja kila mikromita 100. Unaikuza picha, unaikuza tena, na uzi mwembamba bado unaonekana! Kisha kila kitu kinalazwa juu ya kiolezo kimoja cha pande tatu, wastani wa bongo 1,675, hivyo panya huyu unamlinganisha na yule bila kubahatisha.

Kilichoniteka ni kiini cha akuati, ndani ya haipothalamasi. Humo mna seli za neva ziitwazo AgRP, na mwaka 2011 watafiti wa kituo cha Janelia, Marekani, walionyesha kwamba ukiziwasha kwa mwanga, panya aliyeshiba anaanza kula ndani ya dakika chache. Dakika chache! Mwaka 2013 maabara hiyohiyo ikafuatilia nyuzi zake: kundi hili la seli linaelekea huku, lile kule, na njia kadhaa, kila moja peke yake, zinatosha kumlisha panya. Ukiwa na habari hiyo kichwani, kila uzi wa kijani unaotoka akuati unakuita uufuate.

Lakini muwe waangalifu. Viini vya haipothalamasi ni vidogo mno, sindano humwagikia jirani, kwa hiyo kagueni kwanza picha ya mahali palipodungwa. Tena kijani hakitofautishi uzi uliofika na uzi unaopita njia. Kwa haipothalamasi, chagueni majaribio ya panya waliobadilishwa jeni, ambao kwao aina moja tu ya seli hung'aa.

Sasa nahamia kiini kingine cha haipothalamasi, cha ventromedia. Hapo ndipo timu ya mtafiti David Anderson, wa chuo cha Caltech, ilipowasha seli mwaka 2011, na panya dume akaishambulia hata glavu iliyopulizwa hewa!