Tusome Mshono Kabla ya Nembo

Nguo za mitumba hapa Rwanda huitwa caguwa, na neno hilo asili yake ni Kiswahili: chagua. Lilifaa. Mnunuzi aliinama juu ya rundo, akapekua, akavuta kola, akaigeuza suruali ndani nje, akapandisha na kushusha zipu mara tatu. Mwaka 2016 ushuru wa mitumba ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mitumba ikawa ghali, na vijana wengi tukahamia kwenye nguo mpya. Macho ya kuchagua tuliyaacha kwenye rundo.

Siku hizi chuoni swali la kwanza ni, "Hiyo ni ya kampuni gani?" Fulana yenye alama ya Nike au Gucci husifiwa kabla haijaguswa. Lakini nembo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kuigiza. Mashine ya kutarizi huimaliza kwa dakika chache. Kinachogharimu ni pamba nzuri, mishono iliyobanana, na pindo lenye akiba ya kitambaa ili fundi aweze kulifumua na kulipanua.

Najua nitajibiwa kwamba mtu hununua heshima pia. Nakubali. Wasapeuri wa Kinshasa na Brazzaville wanapenda lebo kuliko sisi, tena hufunua koti ili ionekane. Ila koti lao hulitunza kama mboni ya jicho. Sisi tumechukua lebo, utunzaji tumewaachia wenyewe.

Tuseme shati la faranga 6,000 limechakaa baada ya kufuliwa mara 10: kila fuo limekula faranga 600. La faranga 15,000 likistahimili mara 100, limekula 150. Ugumu ni kwamba maskini hana 15,000 kwa mkupuo, kwa hiyo hununua la 6,000 tena na tena, akilipia jina lililobandikwa kifuani. Huyo ndiye anayeibiwa na nembo, kuliko mwana wa tajiri.

Hata "Made in Rwanda", kampeni ninayoiunga mkono, isigeuke nembo nyingine ya kufumbiwa macho. Gauni lililoshonwa Kigali likifumuka kwapani baada ya wiki tatu, uzalendo hautalishona. Ndugu zangu wanafunzi, tulirudishe dukani na tumwonyeshe muuzaji pale uzi ulipoachia.