Bao la Dakika ya 66: Kalala Mukendi na Kazi ya Mshambuliaji wa Kati

Pierre Kalala Mukendi, mshambuliaji wa TP Englebert ya Lubumbashi, klabu ambayo leo huitwa TP Mazembe, anakumbukwa barani kote kwa bao alilofunga dakika ya 66 mjini Addis Ababa, tarehe 21 Januari 1968, bao lililoipa Kongo-Kinshasa ushindi wa 1-0 dhidi ya Ghana na Kombe lake la kwanza la Mataifa ya Afrika. Huko Kapolowe na Likasi, ambako reli huwafanya watu wa Lubumbashi kuwa majirani, bao hilo huhesabiwa kuwa mali ya Katanga nzima, na si bila sababu. Hata hivyo, anayetaka kujua lilivyopatikana hana budi kuyatazama kwanza mabao ambayo Ghana ilishindwa kuyafunga siku hiyo.

Ili kuielewa kazi yake, turudi kidogo nyuma: katika miaka ya 1950 kielelezo cha mshambuliaji wa kati, yaani mvaa jezi namba 9, kilikuwa bado cha Kiingereza. Nat Lofthouse wa Bolton Wanderers, aliyeifungia Uingereza mabao 30 katika mechi 33, alisimama karibu na lango, akapambana kwa mabega na beki wa kati, akangoja krosi, yaani mipira ya juu kutoka pembeni. Mtindo huo ulikuwa na udhaifu mmoja, kwamba mlinzi alijua daima wa kumkaba yuko wapi. Tarehe 25 Novemba 1953 Hungaria iliifunga Uingereza 6-3 uwanjani Wembley, ikimtumia Nándor Hidegkuti, namba 9 aliyerudi nyuma hadi eneo la viungo; beki akimfuata, pengo lilibaki mbele ya lango, na asipomfuata, Hidegkuti alipata nafasi ya kugeuka na kupiga. Alifunga matatu. Kocha wa Kongo mwaka 1968, Ferenc Csanádi, alikuwa Mhungari, lakini kudai kwamba aliihamishia Wembley Addis Ababa kungekuwa kutia chumvi. Linaloweza kusemwa ni kwamba alitoka katika nchi ambayo ilikuwa imekwisha kuacha kumwona mshambuliaji kama mtu anayengoja tu.

Ghana, bingwa wa 1963 na 1965, ilifika fainali ikiwa imefunga mabao 11 katika mechi nne, manne kati yake dhidi ya Côte d'Ivoire katika nusu fainali iliyoisha 4-3. Tena ilikuwa imekwisha kuifunga Kongo 2-1 katika hatua ya makundi mjini Asmara. Kongo, kwa upande wake, iliifunga Kongo-Brazzaville 3-0 na Senegal 2-1, kisha ikahitaji muda wa nyongeza kuwaondoa wenyeji Ethiopia 3-2, yote hayo katika miinuko inayozidi mita 2,300, ambako hewa ni nyepesi na mapafu huchoka mapema. Timu iliyoruhusu mabao matano katika mechi nne haikuweza kutumaini kushindana na Ghana kwa kufungana mabao. Mechi ya Asmara ilikuwa imewaonyesha hivyo. Ilibidi idadi ya mabao ipunguzwe, na mechi inapopunguzwa hivyo, mshambuliaji hupata nafasi chache, huku kila nafasi ikiongezeka uzito. Hapo ndipo bao la Kalala linapopata thamani yake: liliingia zikiwa zimebaki dakika 24, nalo likatosha kwa sababu nyuma yake lango halikuguswa.

Klabu yake ilikuwa imemzoesha hesabu za namna hiyo. TP Englebert, iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenedikto na baadaye kuchukua jina la kampuni ya matairi ya Ubelgiji, ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa la Afrika mwaka 1967, baada ya sare mbili na Asante Kotoko, 1-1 na 2-2, na baada ya Kotoko kutotokea katika mechi ya marudio. Mwaka uliofuata mkakati ulikuwa mwingine kabisa: Étoile Filante ya Lomé ilipigwa 5-0 katika mkondo wa kwanza, hivyo kipigo cha 4-1 ugenini hakikuzuia ubingwa wa jumla ya 6-4. Hakuna klabu nyingine iliyotetea kombe hilo hadi Enyimba ya Nigeria mwaka 2004.

Ndaye Mulamba, aliyefunga mabao tisa nchini Misri mwaka 1974, rekodi ya fainali moja za Kombe la Mataifa, mara nyingi hulinganishwa na Kalala, ingawa kazi zao zilitofautiana. Ndaye alifunga yote manne ya Zaire, kama Kongo-Kinshasa ilivyoitwa wakati huo, katika fainali dhidi ya Zambia, mawili katika sare ya 2-2 na mawili katika mechi ya marudio, kwa kuwa timu yake iliruhusu mechi kufunguka na ikamtegemea aifunge. Englebert ilipojikuta katika mechi za namna hiyo haikufua dafu: katika fainali ya 1969 ilitoka 2-2 nyumbani na Ismaily kisha ikafungwa 3-1 nchini Misri, na katika fainali ya 1970, baada ya kupata 1-1 ugenini kwa Kotoko, ilipoteza 2-1 Kinshasa, mbele ya watu wake yenyewe.